Mto ukikauka, chuo kikuu kina kazi gani?

Wakazi wengi wa vijijini wanaifahamu hali hii. Gari linasimama kwenye ofisi ya kijiji. Wanashuka vijana watatu au wanne wenye madaftari na kujitambulisha kuwa wametoka chuo kikuu. Wanauliza: una ekari ngapi, unachota maji wapi, zamani mto ulikuwaje? Wanajaza maji ya mto kwenye chupa ndogo, wanapiga picha, wanaaga. Mwaka unapita, miwili inapita, na hakuna anayerudi kueleza maji yale yalikutwa na nini.

Ndiyo maana mtu anapouliza, "Chuo kikuu kinatusaidia nini sisi ambao mto wetu unakauka?" anauliza swali la haki. Makala hii inalijibu kwa kutazama mto mmoja ambao vyuo vikuu vimeuchunguza kwa miaka mingi, Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania, pamoja na mifano mingine midogo. Mwishoni tunaeleza mambo ambayo kijiji kinaweza kumdai mtafiti kabla hajaondoka.

Safari ya maji ya Ruaha Mkuu

Maji ya Ruaha Mkuu huanzia kwenye milima ya Poroto na Kipengere, upande wa Mbeya na Njombe. Yanateremka kwa mito mingi: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine. Mito hiyo inaingia kwenye tambarare ya Usangu, wilayani Mbarali, ambako ndiko unakotoka mchele maarufu wa Mbeya. Hapo wakulima wanayachepusha maji kwa mabanio na mifereji hadi kwenye majaruba.

Maji yanayobaki huingia kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Hiki ni kinamasi kikubwa chenye matete, samaki na ndege wengi. Kutoka Ihefu mto hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako tembo, viboko, mamba na wanyama wengine huutegemea wakati wa kiangazi. Kisha unaingia bwawa la Mtera na baadaye Kidatu, mabwawa ya kuzalisha umeme. Hatimaye unajiunga na Mto Rufiji, unaopita bwawa la Julius Nyerere na kuishia baharini kwenye delta yenye msitu mkubwa wa mikoko.

Kwa hiyo tone moja linalotoka mlimani lina wadai wengi: mama anayechota dumu la maji, mkulima wa mpunga, mfugaji, mvuvi wa Ihefu, kiboko wa hifadhini, mtambo wa umeme, na kamba anayekulia kwenye mikoko ya Rufiji.

Mwaka 1993 jambo lisilo la kawaida lilionekana. Ndani ya hifadhi, mto uliacha kutiririka wakati wa kiangazi. Yalibaki madimbwi tu, na viboko wakajibana humo. Hali hiyo ikajirudia kiangazi baada ya kiangazi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990, kina cha maji kilishuka Mtera na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme.

Kila mmoja alikuwa na wa kumlaumu

Mto ulipokauka, lawama zilitembea haraka kuliko maji. Wakulima wa mpunga waliambiwa wanamaliza maji. Wafugaji waliambiwa mifugo yao inaharibu Ihefu. Wakulima wa juu, wanaolima mabondeni kwenye vinyungu, waliambiwa wanakausha chemchemi. Wenye mashamba makubwa wakawatazama wenye mashamba madogo, na wenye mashamba madogo wakawatazama wenye makubwa.

Lawama hizi zilikuwa na uzito, kwa sababu serikali huamua kwa kutazama nani anaonekana kuwa na kosa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi na mifugo yao waliondolewa Usangu. Mwaka 2008 eneo la Ihefu likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Familia zilihama na watu wakapoteza mifugo. Hata hivyo, mto uliendelea kukauka wakati wa kiangazi katika miaka iliyofuata.

Hapa ndipo kazi ya chuo kikuu inapoanza kueleweka. Watu wanapobishana kuhusu maji, kila upande huja na alichokiona kwa macho yake. Mkulima wa juu anaona maji yapo. Mkulima wa chini anaona hayapo. Askari wa hifadhi anaona viboko wanakufa. Hakuna kati yao anayeuona mto mzima kwa mara moja, wala anayekumbuka kwa hesabu maji yalikuwa kiasi gani miaka 40 iliyopita. Anahitajika mtu asiye na jaruba wala ng'ombe ndani ya bonde, apime kila mahali kwa kipimo kimoja na kuandika alichokipata.

Walichopima watafiti

Katika Usangu kazi hiyo ilifanywa kwa awamu kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Miongoni mwa walioifanya ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walichunguza upande wa mabwawa.

Walichukua kumbukumbu za vituo vya kupimia mto, ambazo baadhi zinaanzia miaka ya 1950. Wakazilinganisha na picha za setilaiti zinazoonyesha ukubwa wa kinamasi mwaka hadi mwaka. Wakatembea kwenye mifereji wakapima maji yanayoingia na yanayotoka.

Ripoti iliyochapishwa mwaka 2006 na Japhet Kashaigili wa SUA na wenzake ilieleza mambo matatu.

Kwanza, kati ya mwaka 1958 na 2004 maji yanayoingia Ihefu katika miezi ya kiangazi, Julai hadi Novemba, yalipungua kwa takriban asilimia 70. Sababu kubwa ilikuwa watu kuchepusha maji, hasa kwa umwagiliaji.

Pili, eneo la kinamasi linalobaki na maji wakati wa kiangazi lilipungua kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93.

Tatu, walikadiria kiasi cha maji ambacho mto unahitaji ili uendelee kuishi. Ili viumbe wa mtoni wasife, angalau lita 600 zinapaswa kutoka Ihefu kila sekunde wakati wa kiangazi. Hayo ni madumu 30 ya lita 20 kila sekunde. Lakini ili madumu hayo 30 yatoke, karibu madumu 350 yanapaswa kuingia kila sekunde. Kiasi hicho kilikuwa karibu mara mbili ya maji yaliyokuwa yakiingia wakati ule.

Kwa nini yaingie mengi na kutoka machache? Fikiria beseni lenye tundu karibu na ukingo wa juu. Ukimimina maji kidogo, hayafiki kwenye tundu, hivyo hakuna kinachotoka. Ihefu iko hivyo. Mahali maji yanapotokea, panapoitwa Ng'iriama, pana mwamba uliokaa kama kizingiti. Maji ya kinamasi yakishuka chini ya mwamba huo, mto ulioko mbele unakatika kabisa, hata kama ndani ya Ihefu bado kuna maji mengi. Wakati huo jua na matete vinaendelea kuyanywa yaliyobaki. Kwa hiyo upungufu mdogo unaotokea juu, kwenye mabanio, unaweza kuukausha kabisa mto wa chini.

Lakini watafiti walionyesha jambo jingine lililobadilisha mjadala. Kukauka kwa mto hifadhini na kushuka kwa maji ya Mtera ni matatizo mawili, ingawa yalikuwa yakisemwa kama moja. Bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi ni kidogo mno kuweza kulijaza, hata kama kila mfereji wa Usangu ungefungwa. Uchambuzi uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao ulionyesha kuwa namna maji yalivyofunguliwa na kutunzwa kwenye mabwawa yenyewe ilichangia uhaba ule wa miaka ya 1990.

Hili lina maana gani kwa mwananchi? Lina maana kwamba mkulima wa Mbarali anayemwagilia kiangazi anawajibika kwa viboko wa hifadhini na wavuvi wa Ihefu, lakini si sahihi kumbebesha peke yake giza la mgawo wa umeme. Bila vipimo, mashtaka yote mawili angetwishwa yeye.

Banio la zege lililoleta tatizo

Zamani wakulima wa Usangu walitengeneza mabanio ya miti, mawe na majani. Mabanio hayo yalivuja. Mafuriko yalipokuja, yalisombwa na watu wakajenga upya. Wataalamu wengi waliyaona kuwa duni, na miradi ikaja kujenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Lengo lilikuwa zuri: kupunguza upotevu wa maji na kumrahisishia mkulima kazi.

Watafiti walipofuatilia wakakuta jambo ambalo halikutarajiwa. Banio la kienyeji lilikuwa likivuja, lakini yale maji "yaliyopotea" yalikuwa ndiyo mto wa watu wa chini. Banio la zege halivuji. Wakati wa kiangazi mto ukiwa mwembamba, linaweza kuuchukua wote na kuuelekeza kwenye mfereji mmoja. Mkulima wa juu alipata uhakika, na mkulima wa chini akabaki na mchanga mkavu.

Vibali navyo vilikuwa na kasoro. Kibali kilitaja kiasi maalumu cha lita kwa sekunde. Masika kiasi hicho ni kidogo. Kiangazi kinaweza kuwa mto mzima. Na mtu aliyekwisha kulipia kibali huona ameyanunua maji yale, hata pale ambapo jirani yake hana ya kunywa. Watafiti wakapendekeza maji yagawanywe kwa mafungu badala ya kiasi kisichobadilika: mto ukipungua, fungu la kila mmoja lipungue kwa uwiano, na sehemu ibaki mtoni.

Waligundua pia kwamba mifereji mingi iliachwa wazi kiangazi chote hata mahali ambapo hapakuwa na mazao. Sababu ilieleweka kirahisi: vijiji vilitegemea mifereji hiyo kwa maji ya kunywa na kufulia. Maji yanatembea kilomita nyingi kwenye udongo mkavu, mengi yananyweka na kukauka njiani, ili mwisho watu wachote ndoo chache. Kisima kirefu kijijini kingewapa watu maji safi zaidi, na mfereji ungefungwa hadi msimu wa kupanda. Hapa kumlinda samaki na kumpa mama maji safi ni kazi moja.

Mchezo wa gololi

Taarifa ya kurasa 60 kwa Kiingereza haimsaidii mkulima. Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia alibuni njia nyingine, ambayo yeye na wenzake waliitumia Usangu katika mikutano na wakulima. Ni mchezo.

Unachukua ubao mpana wenye mfereji mkubwa katikati, ambao ndio mto, na mifereji midogo pembeni. Ubao unainamishwa upande mmoja. Gololi ndiyo maji. Zinamiminwa juu, zinaviringika kuelekea chini. Kila mchezaji ana kijiti anachokiweka mtoni kama banio ili gololi ziingie shambani kwake. Shamba lina vishimo, vikijaa, umevuna.

Raundi ya kwanza kila mmoja hucheza kwa faida yake. Walio juu hujaza vishimo vyao na vya ziada. Wa mwisho hubaki mikono mitupu, na watu hucheka. Kisha wachezaji hubadilishana nafasi. Yule aliyekuwa juu anapokaa chini na kusubiri gololi zisizofika, kicheko hupungua. Baada ya hapo watu huanza kujadiliana: tupunguze urefu wa vijiti? Twende kwa zamu? Tuache gololi ngapi zifike mwisho kabisa, kwenye kinamasi? Raundi inayofuata huchezwa kwa makubaliano hayo.

Mchezo hauongezi hata tone la maji. Unawawezesha watu waliozoea kukutana kwa ugomvi kuuona mto wote wakiwa wameuzunguka, bila kunyoosheana vidole. Ubao wa namna hii fundi seremala yeyote anaweza kuutengeneza, na Jumuiya ya Watumia Maji yoyote inaweza kuutumia.

Maji yaliyookolewa yanakwenda wapi?

SUA imefanya pia majaribio ya kilimo shadidi cha mpunga, yakiwemo yale ya Mkindo, wilayani Mvomero. Katika kilimo hiki miche hupandikizwa ikiwa michanga, ya siku kati ya 8 na 15. Unapanda mche mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25 badala ya kubana mingi. Jaruba halijazwi maji muda wote. Unalowesha, unaacha likauke kiasi, unalowesha tena. Mizizi hupata hewa, mche huchipua machipukizi mengi, na maji yanayotumika hupungua sana. Kazi inayoongezeka ni palizi, kwa sababu maji yasiposimama magugu huota.

Lakini jihadhari na jambo moja ambalo uzoefu wa Usangu unalionyesha. Mkulima akiokoa maji kwenye ekari moja, mara nyingi huyapeleka kwenye ekari ya pili. Yeye amefaidika, ila mto haujapata kitu. Ili maji yaliyookolewa yarudi mtoni, lazima kuwe na makubaliano kwamba banio litateremshwa. Mbegu bora na mbinu bora bila makubaliano hayo huongeza mavuno na kuacha kinamasi kikiwa vilevile.

Wadudu wanaotoa ushahidi

Kupima wingi wa maji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kama maji ni mazima. Vipimo vya maabara ni ghali, na chupa moja inaeleza hali ya maji ya saa ile tu. Kama mtu alimwaga sumu ya kuulia wadudu juzi, leo imeshapita.

Ndiyo maana wataalamu wa mito hutazama wadudu na viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe na kwenye majani ya mtoni. Baadhi yao huishi humo kwa miezi mingi. Wengine hawavumilii uchafu hata kidogo na hutoweka mara maji yanapoharibika. Wengine, kama aina fulani za minyoo, hustawi kwenye uchafu. Ukijua ni nani yupo na nani ametoweka, unajua mto umepitia nini.

Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Afrika Kusini, walichapisha mfumo wa alama kwa ajili ya mito ya Tanzania unaofuata njia hiyo. Unakoroga mchanga na mawe kwa mguu, unanasa viumbe kwa wavu, unawatambua, kila kundi lina alama zake, unajumlisha. Ufundi kamili unahitaji mafunzo. Lakini wazo lake hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kulitumia: nenda mahali palepale kila msimu, inua mawe, andika unachokiona. Kama mwaka jana chini ya mawe palijaa viumbe wa aina 10 na mwaka huu umeona minyoo tu, una sababu ya kupiga simu ofisi ya bonde.

Mikoko ya Gazi

Upande wa bahari, mfano unaotajwa sana uko Gazi, Kaunti ya Kwale, Kenya. Mikoko ilikatwa kwa miaka mingi kwa kuni na nguzo, na sehemu nyingine ikabaki tope tupu. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo James Kairo, na wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Uskochi, wakiongozwa na Mark Huxham, walipima kwa miaka mingi kiasi cha hewa ya ukaa inayohifadhiwa kwenye miti hiyo na kwenye tope lake.

Vipimo hivyo viliwezesha kuanzishwa kwa mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wanajamii wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza kibali cha hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Fedha zinaingia kwenye kamati ya jamii, na zimetumika kwa maji safi na mahitaji ya shule. Mikoko ikisimama, samaki wanapata mahali pa kuzaliana, na pwani inakingwa na mawimbi.

Jambo la kujifunza hapa ni kwamba watafiti hawakuondoka baada ya kuandika. Walibaki wakipima kila mwaka, kwa sababu bila vipimo hakuna mnunuzi. Maarifa ya chuo yaligeuka kuwa bomba la maji la kijiji.

Mambo ambayo chuo kikuu hakiwezi

Chuo kikuu hakina mamlaka ya kufunga banio. Mwenye mamlaka hayo nchini Tanzania ni Bodi ya Maji ya Bonde, inayofanya kazi na Jumuiya za Watumia Maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kulinda mazingira, ndipo yanafuata matumizi ya uzalishaji. Sheria inasema maji ya mazingira yabaki mtoni. Lakini yabaki kiasi gani? Namba hiyo haitoki kwenye sheria, inatoka kwenye vipimo. Chuo kinaleta namba, bodi inaisimamia, na jamii ndiyo inayoifanya iwezekane.

Chuo pia kina udhaifu wake. Utafiti hufuata fedha za mradi. Mradi ukiisha, vipimo hukatika, na mto haupimwi tena hadi afike mfadhili mwingine. Wahadhiri hupandishwa cheo kwa maandiko yanayochapishwa kwenye majarida ya nje, na mkulima hawezi kuyasoma. Utafiti mwingi wa wanafunzi hukaa kabatini baada ya mahafali. Na mara nyingi mzee aliyetoa kumbukumbu za miaka 50 kuhusu mto wake hatajwi popote.

Kasoro hizi zinarekebishika, na nusu ya dawa iko mikononi mwa vijiji.

Kijiji kidai nini?

Mtafiti anapofika, serikali ya kijiji ina haki ya kumuuliza maswali kabla ya kumruhusu aanze. Haya ni machache ya kuanzia.

Barua yako ya utambulisho iko wapi, na nani msimamizi wako chuoni? Chukueni majina na namba za simu, myaandike kwenye kitabu cha wageni.

Utarudi lini kutueleza ulichokipata? Iwekwe tarehe. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Apangiwe mmoja wapo.

Utatuachia nini kwa Kiswahili? Karatasi moja yenye mambo makuu inatosha, pamoja na nakala ya vipimo ibaki ofisi ya kijiji. Siku ya mgogoro wa maji itakuwa na thamani kuliko maneno matupu.

Ni nani wa hapa utamfundisha kupima? Fimbo yenye alama za sentimita iliyosimikwa mtoni, kipima mvua na daftari havina gharama kubwa. Kijana mmoja akisoma kina cha maji kila asubuhi na kuandika, baada ya miaka mitano kijiji kitakuwa na kumbukumbu ambazo hata profesa atakuja kuziomba. Vipimo vya namna hii havikatiki mradi unapoisha.

Kijiji hakipaswi pia kukaa kikisubiri mtafiti afike. Kama mna swali, kwa mfano chemchemi imepungua tangu mikaratusi ilipopandwa, au samaki wamekufa baada ya dawa kupuliziwa mashambani, liandikeni kwenye barua kupitia ofisi ya kijiji na halmashauri. Nakala moja ipelekwe bodi ya bonde lenu na nyingine chuo kilicho karibu. Kila mwaka vyuo vina mamia ya wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti. Wengi wangefurahi kupewa swali ambalo kuna watu wanasubiri jibu lake. Eleza tatizo lilianza lini, linatokea wapi, na mmeshafanya nini.

Kama samaki wamekufa ghafla, msisubiri barua. Zuieni watu na mifugo kutumia maji hayo, msile samaki hao, na toeni taarifa siku hiyohiyo kwa ofisa wa afya na ofisi ya bonde. Maji yakichotwa mapema kwenye chupa safi na kutunzwa mahali pa baridi, maabara ina nafasi nzuri zaidi ya kujua kilichotokea.

Kwa wale wenye watoto waliofika chuoni, kuna jambo moja zaidi. Mwambie kijana wako anayesomea kilimo, sayansi ya majini, uhandisi au sheria kwamba kijito cha nyumbani kinaweza kuwa mada ya utafiti wake. Anajua njia, anajua lugha, anajua mzee gani wa kumuuliza. Na akimaliza, hahitaji kukumbushwa kurudi kutoa mrejesho, kwa sababu mama yake anaishi hapo.

Watafiti wa Ruaha Mkuu walimaliza wakiwa na namba mkononi: madumu 30 kila sekunde ili mto usife. Namba hiyo imekuwepo tangu mwaka 2006. Kuyaacha madumu hayo yapite ni kazi ya watu wanaoshika mabanio, bodi inayotoa vibali, na mikutano ya vijiji ambako zamu za maji hupangwa.